Mwanzi Mmoja Uliobaki Bondeni

POLISI YA TANGANYIKA, KITUO CHA IRINGA MJINI
Maelezo ya shahidi kuhusu uharibifu wa mianzi na kaburi, Bustani ya Mji

Jina: Rozalia binti Kikoti, mjane wa Liberatus Mgongolwa
Umri: Miaka hamsini hivi. Anasema Wajerumani walipoondoka Iringa yeye tayari alikuwa anaweza kutwanga.
Kabila na dini: Mhehe, Mkatoliki
Kazi: Mkulima na mgema wa ulanzi. Mwenyekiti wa Chama cha Akina Mama wa Kihesa
Makazi: Kihesa
Yameandikwa na Koplo Filemoni, Jumatatu tarehe 23 Januari 1956, kuanzia saa nne asubuhi.

Ninaeleza kwa hiari yangu. Koplo amenionya niseme kweli tupu. Nimemjibu kwamba sikutembea kutoka Kihesa na matope haya nije kusema uongo. Uongo ulishafika hapa kituoni kabla yangu, saa moja na nusu, ukiwa umefungwa bandeji kichwani.

Kwanza bustani, maana usipoielewa bustani huwezi kukielewa kisa. Mwaka 1953, mwaka aliotawazwa Malkia, Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, alitaka mji uwe na bustani ya watu wote. Akachukua ardhi yetu iliyoko chini ya Kihesa, na sisi tukahamishwa juu kidogo. Bustani ilipokwisha kupandwa ikaonekana serikali haina vibarua wa kuitunza. Ndipo vyama vikaitwa, tukagawana kazi. Uwanja mkubwa wa majani wakapewa Askari wa Zamani, wale waliopigana Bama. Njia na maua wakapewa kwaya ya Walutheri, ambao mkubwa wao ni Mwalimu Ezekia. Wenye maduka wakachukua ua na mabenchi. Sisi akina mama tukachukua bonde la kijitoni. Watu walicheka, wakasema tumegawiwa tope. Hatukugawiwa. Mimi ndiye niliyeliomba.

Niliomba kwa sababu mume wangu yumo. Liberatus alikufa mwaka 1949, tukamzika nyuma ya nyumba yetu, katikati ya mianzi aliyoipanda kwa mkono wake. Nyumba ilibomolewa kwa ajili ya bustani, mianzi ikaachwa, kaburi likabaki humo ndani na msalaba wake wa mti. Usingeliona mpaka uingie. Bwana Shauri alikuja kulitazama kwa miguu yake. Akasema halitaguswa, na mianzi ni yetu tuendelee kugema, maadamu sisi ndio watunzaji wa bonde. Lakini sheria ya bustani ni moja kwa wote: chama kisichotunza sehemu yake kinanyang'anywa, inapewa chama kingine, nacho kinaweza kufanya huko kinachopenda. Hapo, Koplo, piga mstari chini yake. Mambo yote haya yanarudi hapo.

Koplo ananiambia kwao Singida hawagemi mianzi, nieleze. Haya. Mvua zikianza mwanzi unatoa chipukizi. Unalikata ncha, unaning'iniza mbeta, yaani kile kikombe cha kipande cha mwanzi, na maji yake matamu yanadondokea humo. Huo ndio ulanzi. Asubuhi na jioni lazima urudi uikate ncha tena, wembamba wa ganda la kitunguu. Ukikata kwa pupa chipukizi linakauka, usipokata linaziba. Si kazi ya kubahatisha. Mtu hugema kwa sababu alifundishwa, na mkono wake unajulikana.

Sasa mshtakiwa. Anaitwa Asukile Mwakatobe, mji mzima unamwita Sajini. Ni mnyapara wa vibarua wa barabara na mwenyekiti wa Askari wa Zamani. Ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Alifika hapa baada ya vita na begi moja la turubai, hana ndugu, hana pa kulala, na aliyempokea ni Liberatus. Miezi mitatu alilala jikoni kwangu. Kila jioni ya masika walikaa kwenye ile mianzi, mume wangu anagema na yeye anasimulia Bama. Mimi nawapelekea mahindi ya kuchoma. Liberatus ndiye aliyemfundisha kugema. Siku ya mazishi Asukile alibeba jeneza, mbele, upande wa kulia, analia kuliko mimi. Nilimwita shemeji. Iandike hiyo shemeji, Koplo, halafu nikimaliza uifute.

Ugomvi ulianza Desemba iliyopita, siku ya kikao cha vyama mbele ya ofisi ya Bwana Shauri. Majani ya uwanja wa Askari wa Zamani yalikuwa yamefika magotini. Nyoka alishaonekana mle, na mbuzi wa watu walikuwa wamenenepa kwa majani ya Malkia. Kila chama kilisimama kutoa habari za sehemu yake. Sajini aliposimama akasema sehemu yake ni shwari. Shwari! Nikanyanyuka. Nikasema, "Bwana Shauri, huyu aliwashinda Wajapani, lakini ameshindwa na majani." Watu walicheka mpaka karani akaangusha kalamu. Bwana Shauri alipotafsiriwa akacheka na yeye. Tangu siku hiyo watoto wakimwona njiani wanaita, "Sajini Majani!"

Koplo ameniuliza kama ninajuta kumwaibisha mtu mzima hadharani. Sijuti. Majani yalikatwa kesho yake. Lakini wakati tunatoka kikaoni aliniinamia akaniambia polepole, "Mama, mwenye kovu usidhani kapoa." Nikamwambia akajipake mafuta. Nilidhani yameishia hapo.

Januari ni mwezi wa palizi, na sisi wanawake tunashinda mashambani. Vyama vilikubaliana kwamba mwezi huu wanaume watufyekee bonde, nasi Juni tutawafagilia uwanja. Zamu iliwaangukia Askari wa Zamani, Jumamosi tarehe 21. Sikupinga. Kwetu msaidizi wa palizi haingii shambani mpaka mwenye shamba amtembeze kwa miguu kuzunguka mpaka wote, amwonyeshe la kugusa na la kutogusa, na mwisho ampe kinywaji pale pale. Akishakunywa, hawezi kusema hakuonyeshwa. Hakuna aliyewahi kukivunja kinywaji hicho. Hata wezi wa ng'ombe hawakivunji.

Basi Ijumaa tarehe 20, saa kumi jioni, nilimtembeza Sajini. Mwalimu Ezekia alikuwa anafyeka njia yake hapo jirani, alisikia kila neno. Nilimwambia Sajini, "Majani haya yote mpaka kijitoni, fyekeni. Mianzi na ndani yake, msiguse." Akasema, "Ndiyo, mama." Nikatungua mbeta iliyojaa nikampa. Aliinywa yote, akapangusa masharubu, akaligeukia kaburi la mume wangu akalipigia saluti. Machozi yalinilenga. Nikasema moyoni, kumbe mtu huyu amepoa. Loo, mjinga mimi!

Jumamosi asubuhi niligema kama kawaida, mianzi ilikuwa mizima, nikaenda shambani. Jioni ilinyesha mvua kubwa, sikushuka bondeni. Jumapili tarehe 22 nilitoka Misa na wifi yangu Verediana, dada wa marehemu, tukapitia bondeni nikiwa na kisu changu cha kugemea.

Mianzi haikuwepo.

Sijui niseme vipi. Ilikatwa yote, mikubwa na machipukizi, mpaka chini. Mikubwa ilikuwa imechukuliwa. Machipukizi yalitupwa chungu nzima pamoja na mbeta zangu zilizopasuliwa. Mahali palipokuwa na kivuli palikuwa na jua na visiki, na kaburi la Liberatus limelala wazi katikati kama mtu aliyefunuliwa shuka. Juu yake kulikuwa na nyayo za buti. Msalaba haukuwepo. Verediana ndiye aliyeuona. Ulikuwa kwenye lile rundo la takataka, chini ya machipukizi, umetazama chini.

Verediana alipiga kelele akaketi chini kwenye tope na gauni lake la kanisani. Mimi sikulia. Niliuchukua msalaba nikaufuta kwa kanga. Halafu nikazunguka, kwa sababu nilihisi kuna kitu, na nyuma kabisa, upande wa kijito, penye magugu, nikakiona.

Chipukizi moja lilikuwa limesimama. Moja tu, lile la pembeni ambalo kila masika hutoa ulanzi mwingi na mtamu kuliko mengine yote. Liberatus alikuwa akiliita shina lile Bibi Arusi. Lilikuwa halijaguswa na panga. Lilikuwa limening'inizwa mbeta nzima, na ncha yake imekatwa asubuhi ile ile, maji yanadondoka. Nikainama nikaitazama ncha. Imekatwa wembamba wa ganda la kitunguu, kwa mshazari, kuelekea kushoto. Koplo, katika mji huu watu wawili tu walikuwa wanakata kuelekea kushoto. Mmoja ni Liberatus. Amelala pale chini.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Sajini, Verediana akinifuata, saa sita mchana. Alikuwa ameketi barazani kwake kwenye kiti cha uvivu. Nyuma ya nyumba niliiona mianzi yangu imepangwa vizuri, imefungwa kamba. Mkewe, Tusajigwe, alinipa kigoda, akanisalimia kwa adabu yake yote, kisha akaingia ndani na hakutoka tena. Mwanamke yule ana aibu kwa niaba ya watu wawili.

Nilimuuliza Sajini, "Umefanya nini bondeni?"

Akasema, "Tumesafisha, mama. Si ulisema tusafishe mpaka kijitoni?"

"Na mianzi?"

"Ah, mianzi. Mimi Mnyakyusa, mama. Kwetu Tukuyu mwanzi ni wa kujengea nyumba. Na huko Bama tulikuwa tunaikata kila siku kama majani. Nisamehe, sikujua kwamba nyie watu mnaithamini hivyo."

Nyie watu! Mtu aliyelala jikoni kwangu!

Nikasema, "Na kaburi?"

Akasema, "Kaburi lipi?" Alisema hivyo, Koplo. Mkono uliobeba jeneza ulikuwa juu ya goti lake, mimi nautazama.

Kisha akanieleza, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu, kwamba jana hiyo hiyo amempitia karani wa Bwana Shauri akamwambia bonde la akina mama liko tupu, halina hata mti, akina mama wamelitelekeza wako mashambani kwao. Kwamba Jumatano tarehe 25 kuna kikao. Kwamba Askari wa Zamani wataomba bonde wajenge nyumba yao ya chama, na nguzo wanazo tayari. Aliposema nguzo alielekeza kidole nyuma ya nyumba. Alitaka kujenga baa juu ya mume wangu kwa mianzi ya mume wangu.

Nilimuuliza, "Yote haya kwa sababu ya majani?"

Akacheka. Akasema, "Majani gani, mama?"

Nikanyanyuka nikaaga. Niliaga kwa heshima, Tusajigwe ni shahidi, alikuwa nyuma ya mlango. Njiani Verediana alikuwa analia, ananiambia twende kwa Padri. Nikamwambia Padri atatuambia tusamehe, na leo sina nafasi.

Koplo ameniuliza nilifanya nini Jumapili jioni. Nilikaa jikoni nikawaza. Kuna mizizi fulani ambayo wagema huitia kwenye mbeta wakichoshwa na wezi. Haiui, lakini mwizi hukimbilia kichakani siku mbili. Niliwaza kuitia. Iandike, sifichi. Niliishika mkononi kabisa. Halafu nikasema hapana, akiumwa tumbo yeye ndiye atakayeonewa huruma, na mimi ndiye nitakayeitwa mchawi. Mtenda akitendewa huhisi kaonewa. Nikaitupa motoni. Nilitaka kitu kizuri zaidi. Nilitaka aonekane.

Maana nilijua atarudi. Mtu anaweza kukata mianzi yote ya Uhehe kwa hasira, lakini aliyeizoea asubuhi yenye ulanzi mtamu hawezi kulikata Bibi Arusi. Panga lilifika hapo likagoma. Hiyo ndiyo akili yake yote. Alisema mbele yangu kwamba kwao mwanzi ni wa kujengea, na nyuma kijitoni ameuacha mmoja wa kunywa.

Nilimwendea Mwalimu Ezekia nikamwomba aje kushuhudia. Nilimchagua yeye kwa sababu hajawahi kuonja pombe, na hata Askari wa Zamani hawawezi kusema Mwalimu Ezekia alikuwa amelewa. Alisita. Akasema, "Mama Rozalia, kisasi ni cha Bwana." Nikamwambia, "Ndiyo, Mwalimu, na mimi sikusema ni changu. Nataka tu kumsaidia Bwana kuamka mapema." Akakubali, ingawa hakucheka.

Leo Jumatatu, kunapambazuka, tulikuwa tumejificha nyuma ya magugu ya kijito: mimi, Verediana na Mwalimu. Baridi ilikuwa ile ya Iringa, Mwalimu anatetemeka na Biblia kwapani. Kama saa kumi na mbili na nusu Sajini akaja. Alikuwa amevaa koti lake la jeshi. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kama askari kweli. Akapita juu ya kaburi. Hakulizunguka, alipita juu. Akalifikia chipukizi, akatungua mbeta, akaiweka vizuri kati ya miguu isimwagike. Akatoa kisu. Akakata ncha mara moja, polepole, kuelekea kushoto, ulimi nje kidogo kama Liberatus alivyokuwa akifanya. Kwa kweli hapo nilitaka kufa, maana kwa nyuma mgongo wake ulikuwa mgongo wa mume wangu.

Halafu akainua mbeta akanywa. Alikunywa kwa macho yaliyofumbwa. Alipomaliza alitoa pumzi akasema, peke yake, kwa sauti, "Ndaga fijo, Liberatus." Mwalimu Ezekia alifundisha Rungwe, ameniambia maana yake ni asante sana.

Nikatoka kwenye magugu. Nikasema, "Kaburi lipi, Sajini?"

Aligeuka. Povu la ulanzi lilikuwa kwenye masharubu. Alimwona Mwalimu, akamwona Verediana, akaiona mbeta mkononi mwake. Akasema, "Nilikuwa nakagua." Nakagua! Hata Mwalimu aliguna.

Hapo ndipo alipofanya kosa. Aliinua mbeta aitupe kijitoni, ushahidi uende na maji. Mimi nilikuwa na mpini wa jembe. Nilimpiga nao kwenye mkono, mbeta ikaanguka kwenye nyasi salama. Akarudi nyuma, mguu ukanasa kwenye visiki vya mianzi aliyoikata mwenyewe, akaanguka chali na kichwa kikagonga kisiki. Kile kidonda anachokionyesha hapa kituoni akisema nilitaka kumuua, amepewa na kisiki. Mimi ni wa mkono tu. Koplo ameniuliza nilimpiga mara ngapi. Mara moja. Ameniuliza kama nina la kusema kuhusu hilo. Ninalo. Nasikitika kwamba ni mara moja.

Akiwa chini nilimsimamia. Sikumgusa tena. Nilimuuliza mara ya pili, "Kaburi lipi?" Akafumba macho akasema, "La Liberatus." Mwalimu alisikia. Verediana alisikia. Kisha akanyanyuka akakimbilia kwenu kunishitaki, nami nikachukua mbeta na kisu chake, nikaja nyuma yake kwa mwendo wangu. Vyote viwili viko mezani kwako.

Koplo ameniambia asubuhi hii Sajini ametuma wazee wawili wa chama chake, wamekaa pale nje. Wanasema yaishe nyumbani, atarudisha nguzo, ataomba radhi kwenye kikao cha Jumatano na atamwambia Bwana Shauri bonde libaki kwetu. Wanasema yeye ni askari, alitumika, ana mke, ataonekanaje. Nimewasikia. Walipokuwa wanapasua mbeta zangu hawakuuliza mimi nitaonekanaje.

Bonde lazima libaki kwetu, hiyo si zawadi ya Sajini kunipa. Hakulitunza, aliliua, na aliliua kwa kujua. Mizizi haikufa. Mvua ikiendelea machipukizi mapya yatatoka, na mwakani kivuli kitarudi kidogo. Nataka maelezo haya yasomwe kwenye kikao Jumatano, yote, pamoja na lile la majani, watu wacheke tena.

Koplo ameniuliza, basi nataka hakimu amfunge? Nimefikiri sana usiku kucha juu ya hilo. Simtaki jela. Jela atapewa uji asubuhi, atalala chini ya bati, atawasimulia wafungwa habari za Bama, na akitoka watamchinjia mbuzi. Hapana.

Ninachotaka ni zamu. Bustani ni ya zamu, na yeye apewe zamu. Kuanzia kesho mpaka masika yaishe, kila asubuhi na kila jioni, Asukile ashuke bondeni na koti lake la jeshi. Kwanza ausimamishe msalaba kwa mikono yake. Kisha aligeme Bibi Arusi, vizuri, kuelekea kushoto, kama alivyofundishwa. Ajaze mbeta. Aishike kwa mikono miwili. Aje nayo mpaka kaburini, polepole, bila kumwaga, na aimimine yote hapo, tone kwa tone, kwa Liberatus. Asilambe kidole. Kama ulanzi umemrukia kwenye masharubu, apanguse kwa kitambaa. Na akimaliza aseme kwa sauti jina la aliyelala pale, kwa kuwa jana alilisahau. Padri asinisikie, lakini wazee wetu walimwagia makaburi pombe kabla ya Padri kuja, na wafu hawakuwahi kulalamika.

Na mimi nitakuwa nimekaa pale kwenye kigoda kila siku, mvua inyeshe au isinyeshe, namtazama koo lake likimeza mate.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu, na hayo ya mwisho ndiyo ninayoyataka. Nimesomewa, ni yangu, sipunguzi neno. Lile neno shemeji limefutwa, nimeona.

Alama ya dole gumba la kulia: Rozalia binti Kikoti

Maelezo ya mwandishi: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, ameyakubali. Nilimshauri aondoe pale anaposikitika kwamba alimpiga mara moja tu, alikataa. Vidhibiti vilivyopokelewa ni mbeta moja yenye ulanzi kidogo na kisu kimoja cha kugemea. Shahidi hakukubali kuondoka mpaka mbeta ifungiwe kabatini mbele yake, akisema hata polisi wana koo. Mwalimu Ezekia na Verediana wameandika maelezo yao kando, yanafanana na haya. Nakala itapelekwa ofisi ya Bwana Shauri kabla ya kikao cha Jumatano.

Mtuhumiwa Asukile Mwakatobe alisomewa maelezo haya saa nane mchana mbele ya wazee wake wawili. Kuhusu mianzi alisema ni kweli. Kuhusu kaburi alisema ni kweli. Niliposoma ombi la shahidi aliomba maji ya kunywa, akayashika bila kuyanywa. Kisha akasema: "Afande, niandikie jela."

Koplo Filemoni